Hii kanuni ya "nomino ya jirani" inawaharibia watoto Kiingereza!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Jana usiku mdogo wangu wa kidato cha tatu kaniletea daftari huku machozi yanamlengalenga. Swali: "The boys left the house laughing loudly." Nani alikuwa anacheka? Kajibu wavulana. Kawekewa kosa kwa wino mwekundu!

Nikadai noti. Karatasi ya fotokopi ya tuisheni imeandikwa: kirai cha -ing (maneno yanayoanza na kitenzi chenye -ing, kama "laughing loudly") hueleza nomino iliyo jirani yake. Basi. Jirani hapo ni "house". Yaani mtoto alitakiwa aandike kwamba nyumba ndiyo iliyocheka, na mtu mzima akasahihisha madaftari ya darasa zima hivyo hivyo. Hela ya tuisheni tunatoa kila mwezi.

Ujirani ni dalili tu. Angalieni hii: "The guard called the boy waving a stick." Kwa kawaida msomaji ataelewa fimbo anayo mtoto. Weka mkato mmoja tu baada ya "boy", fimbo inahamia kwa mlinzi, maana kirai kimejitenga na nomino na sasa kinarudi kwa kiima, yaani mtenda wa sentensi. Ukikipeleka mwanzoni, "Waving a stick, the guard called the boy", ni mlinzi tena. Mkato mmoja! Kwenye zile noti haujatajwa popote.

Kinachoniuma zaidi ni ukurasa wa pili. Dogo kaandika "Going to school, the rain started." Kazungushiwa, "WRONG", hakuna maelezo. Kweli ni kosa, Mwingereza anasikia mvua ndiyo inaenda shule. Lakini mtoto kafikiri kwa Kiswahili: "Nikiwa naenda shule, mvua ikaanza." Kwetu ni sahihi kabisa, kwa sababu ile ni- imeshasema nani anaenda. Nikiwa, akiwa, wakiwa, mtendaji yumo ndani ya kitenzi. "Going" haina mtu ndani yake, lazima iazime kiima cha sentensi kuu. Nilipomwonyesha hilo akaandika mwenyewe: "Going to school, I was caught by the rain." Dakika kumi, wakuu, na mimi si mwalimu.

Kesho asubuhi naenda na daftari na hiyo fotokopi, alama ya mtoto irudishwe na noti zifutwe. Walimu wa Kiingereza mliomo humu, nanyi mnafundisha hii kanuni? Nani kaianzisha?