Tupeane uzoefu: Mvua iliyokuchania mkeka wa farasi

Kwato Kavu: Wakuu, mvua ya jana usiku imenirudisha mbali. Siku ile niliweka mkeka, yaani beti yangu, alfajiri; farasi niliyembetia kashinda mara tatu mfululizo kwenye nyasi kavu. Saa sita mvua ikashuka, uwanja ukatangazwa mzito, yaani umelowa na kulainika sana. Alitoka vizuri, lakini mita mia nne za mwisho ni kama anang'oa miguu ardhini. Wa mwisho. Nani mwingine yamemkuta?

Mzee wa Nyasi: Yamenikuta, mkuu. Tena si mara moja.

Tabu Tupu: Bora wewe ulimwona akikimbia. Mimi nilibeti wiki tatu kabla, nikikimbilia odi kubwa (malipo makubwa ukishinda), kwa hela ya ada ya mwanangu. Asubuhi ya mbio mkufunzi akamtoa: ardhi imelainika mno, hataki kuhatarisha miguu ya farasi. Na beti za mapema vile, farasi asipokimbia hela hairudi. Nilikaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia, simu ya mke wangu inaita, siipokei. Usiku nikamweleza. Hakugomba. Alichukua shuka akaenda kulala chumba cha mtoto. Hela nimeisahau, ule mlango ukifungwa sijausahau.

Mzee wa Nyasi: Dah. Pole sana ndugu yangu. Ada je?

Tabu Tupu: Dada yangu alilipa.

Hatua Fupi: Kwato, ungeangalia kwanza alivyowahi kukimbia kwenye ardhi laini. Usibeti kabla ya kusoma hali ya uwanja siku yenyewe.

Mbele Daima: Ukisubiri, odi imeshashuka! Chukua mapema. Na kukilowa, beti farasi anayependa kuongoza tangu mwanzo, wa nyuma wanarushiwa tope usoni.

Hatua Fupi: Kentucky Derby 2009, zile mbio kubwa za Marekani, je? Njia imelowa chepechepe, farasi Mine That Bird alikuwa nyuma ya wote mwanzoni, mpanda farasi wake Calvin Borel akampenyeza kando ya uzio, akashinda kwa odi ya 50 kwa 1.

Mbele Daima: Mbio moja hiyo! Tena ile ni njia ya udongo, Kwato anazungumzia nyasi.

Hatua Fupi: Na tope la kurushiwa usoni ulilileta nani? Si la udongo hilohilo?

Kwato Kavu: Jamani, taratibu. Tabu, bado unabeti?

Tabu Tupu: Sijagusa tangu siku ile. Ila mvua ikinyesha, bado nafungua simu kuangalia uwanja umekuwaje.