MJADALA: Akina mama wa mwani waambiwe "badilisheni mtazamo", au wapewe vyombo?

Mwenye hoja, Micheweni

Assalaamu alaykum. Huku kwetu kulikuwa na semina ya wakulima wa mwani. Mwezeshaji kasimama mbele ya akina mama waliozeekea majini, kawaambia kinachowarudisha nyuma ni woga wa mabadiliko: maji madogo yamekwisha kazi, hamieni kina kirefu, kuweni na mtazamo chanya. Kisha zikagaiwa soda. Mie naona maneno yale hayakuwa ya haki, ndiyo nayaleta hapa.

Nianze na nisichokipinga. Bahari imepata moto. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza 1989 kule Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu za Ufilipino za aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo isiyostahamili. Wakati wa kaskazi maji ya ufukweni hupindukia nyuzi 30, mwani unapauka, unakatika, unaelea wenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 cottonii imekuwa ya kubahatisha sehemu nyingi za Unguja, na sisi Pemba ndio tuliobaki nayo zaidi. Kwenye kina maji yana ubaridi kidogo. Mtafiti wa mwani, Dk. Flower Msuya, na wenzake wamejaribu huko nyavu za mrija, ambazo mwani hujazwa ndani badala ya kufungwa kwenye kamba. Kwa hiyo hoja ya kuhama si porojo.

Sasa tazama kazi yenyewe. Bamvua likifika, siku za maji kujaa na kupwa sana, na bahari ikapwa, mama anashuka kwa miguu yake na vigingi, kamba na mbegu. Maji yakirudi, anatoka. Haombi ruhusa, halipi nauli. Baada ya wiki sita hivi anavuna, anaanika uani kwake, na pesa anaishika yeye. Kina kirefu kinataka dau au ngarawa, nanga, maboya, kamba nene, na mtu anayejua kuogelea. Chombo ni cha nani? Cha mume, cha shemeji, cha jirani. Na mwenye chombo keshakuwa mshirika wako, hata kama hajawahi kufunga shada moja la mwani. Mama akisema "sitaki" hapo, kapiga hesabu.

Tena hawa ndio waliopokea kazi ambayo pwani hii haikuwa ikiijua, waume wengine wakiguna, mpaka walipoona mabati juu ya nyumba na sare za skuli. Leo wanafundishwa kupenda mabadiliko?

Msimamo wangu: kabla ya kumwambia mtu abadilishe moyo, mwambie nani atalipia chombo.

Bwana Shamba

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, unatuonea sisi maofisa. Spinosum ilikaa miaka mingi chini ya shilingi elfu moja kwa kilo, na hiyo ni kilo kavu, iliyotokana na kilo saba au nane za mbichi. Mama anainama juani, mgongo unamuuma, anapata pesa ya sukari. Kumwacha hapo kwa kuwa "kapiga hesabu" ni kumhurumia vibaya.

Na tusifichane. Nimeshuhudia vikundi vimepewa kamba na maboya bila ya malipo, vikalima msimu mmoja. Ukirudi, kamba imefungiwa mbuzi. Hapo napo tatizo ni chombo?

Mwenye hoja, Micheweni

Kamba za mbuzi zipo, sikatai, hata kwetu. Ila niambie, vikundi hivyo viliachwa na nani? Mradi una miaka yake, ukimalizika gari halirudi. Kamba ikikatika na pepo za kusi hakuna wa kuiuza kijijini, hata dukani Wete utaitafuta. Mtu kafanya nini? Karudi ufukweni anakokujua, na kamba kampa mbuzi. Ningefanya hivyo hivyo.

Binti wa Tumbatu

Samahanini wakubwa, mnajadiliana wanaume watupu juu ya kazi yetu. Mie nalima, na kuogelea nimejifunza ukubwani. Siku za mwanzo tulicheka mpaka tukameza maji. Usitusemee kaka wa Micheweni kwamba kina hatukitaki. Wapo wasiokitaka, mama yangu mmojawapo, na magoti yake hayamruhusu kupanda chombo. Mie nakitaka.

Lakini kuna jambo halikutajwa. Kule ufukweni saa yetu ni bahari. Unajua bamvua lini, unapika kabla, unamwachia mtoto wifi yako, unashuka. Kina hakingoji maji kupwa, unaweza kwenda siku yoyote. Watu wakalisifu hilo kama uhuru. Kumbe siku ikawa ya nahodha! Akitaka kwenda kuvua, shamba la mwani linangoja. Mara mbili tatu ukichelewa kusafisha nyavu, magugu na uchafu vinaufunika mwani, unaoza.

Karani wa Vuga

Haya ya mwani siyajui, ila wimbo ni mmoja. Ofisini kwetu imewekwa mashine ya kuweka kidole asubuhi, na wazee wakaitwa wapinga maendeleo. Ikaharibika, tukarudi kwenye daftari, na waliofurahi zaidi walikuwa vijana. Endeleeni.

Mzee wa Karafuu, Mtambile

Wanangu, hapo kwenye hatari ndipo panaponigusa. Mchumaji akianguka mkarafuuni, ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hutoa fidia. Haimrudishii mtu uti wa mgongo, lakini imekiri kwamba kupanda mti kwa ajili ya zao la nchi kuna hatari, na hatari hiyo si yake peke yake. Sasa tunawapeleka wanawake kwenye kina. Chombo kikizama, nani anasimama? Uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, tunausikia tangu 2020 kila hotuba. Hilo sijalisikia likijibiwa kwenye semina, na nimehudhuria.

Bwana Shamba

Mzee wangu, hapo umenibana. Maboya ya kuvaa tunayahimiza, lakini fidia ni suala la walio juu yangu. Nitakubali hivi: semina zinaanza na moyo wa mtu kwa sababu moyo ni rahisi kuufundisha, hauna bajeti. Ila bado nasema chombo kitupu hakitoshi. Nimeona dau jipya likioza ufukweni kwa ugomvi wa kikundi.

Mwenye hoja, Micheweni

Basi tunakaribiana. Pendekezo langu: dau liandikwe jina la kikundi cha wanawake, lisiandikwe jina la mwenyekiti wala la mumewe, na pesa ya matengenezo ikatwe kila mavuno kabla ya kugawana. Wasiotaka kwenda kina, kama mama yake Binti, wasinyimwe mbegu wala mnunuzi kwa kuitwa wakaidi.

Binti wa Tumbatu

Jina la kikundi sawa. Na nahodha? Mkitupa dau bila kumfundisha mmoja wetu kuliendesha, tumerudi kule kule kwa shemeji.

Mzee wa Karafuu, Mtambile

Njoo Mtambile, bibie. Nna kijana wangu anajua tanga na mashine, atakufundisha. Ila uje na wenzio, usije peke yako, watu wa hapa wana midomo.