Gego limevunjika nusu: niling'oe au niliokoe? Wa Mwanza nisaidieni

Mchuuzi wa Mwaloni:
Habari za jioni wakuu.

Nina gego la chini kushoto, lile kubwa la kwanza. Zamani lilizibwa kwa dawa ya rangi ya fedha. Juzi natafuna mahindi ya kukaanga nikasikia limelia kha! Nikatema kiganjani, kipande cha jino hicho, upande mmoja cheupe, upande wa pili cheusi kama mkaa. Ukuta wote wa upande wa ulimi umeondoka.

Mwanzoni hata maji ya kawaida yalikuwa yananipandisha mpaka sikioni, usingizi hakuna. Nikachukua amoksilini na diklofenaki duka la dawa. Sasa maumivu yamekata kabisa, ila nikiuma kitu nahisi kama jino limeinuka kuliko wenzake.

Kliniki ya kwanza daktari kachungulia kwa kioo, kasema ng'oa, elfu 30. Ya pili wakasema linaokoka: kusafisha mzizi laki 2 na nusu, kofia ya kulifunika jino laki 3 na nusu, na niwe narudi rudi. Mimi nanunua dagaa Goziba. Giza la mwezi likiingia lazima niwe kisiwani, nikikosa mzunguko mtaji umelala. Mama watoto anasema ng'oa tuendelee na maisha. Nyie mnaonaje?

Kijana wa Igoma:
Ng'oa mkuu. Una meno 32, nani atakuhesabia? Laki 6 si unaongeza magunia ya dagaa kabisa.

Zee la Busisi:
Sisi zamani tulikuwa tunaweka pamba yenye maji ya betri, jino linakufa lenyewe na linamomonyoka. Hela ya nini?

Mama Kayenze:
Mzee shikamoo, lakini hapo hapana. Ile ni asidi. Jirani yangu alijaribu, fizi na shavu la ndani vikababuka, akawa anakunywa uji kwa shida. Na jino bado liliishia kung'olewa.

Mleta uzi, pole ng'wanawane. Mimi niling'oa gego kama hilo nikiwa binti, sikuweka chochote. Jino la nyuma yake limelala kuelekea kwenye pengo, na la juu limeshuka kufuata nafasi. Nyama inanasa pale kila nikila, sato mwenyewe namla kwa kijiti mkononi. Siku ile hakuna aliyeniambia.

Tabibu wa Kinywa:
Naona mnabishana bei kabla ya kujua jino lenyewe likoje.

Mkuu, maumivu kukata siyo kupona. Mshipa wa ndani umekufa, ndiyo maana umenyamaza. Amoksilini inasafiri na damu, na mle ndani damu haifiki tena, kwa hiyo uchafu uko pale pale. Hiyo hali ya jino kuinuka inaonyesha maambukizi yameshafika kwenye ncha ya mzizi. Kuliacha kama lilivyo basi, hilo litoe kwenye hesabu.

Kuhusu kung'oa au kuokoa, kioo peke yake hakitoshi. Kwanza upigwe picha ya eksirei. Halafu ile dawa ya zamani itolewe, na kilichooza chote kikwanguliwe, ndipo umuulize daktari swali moja: juu ya fizi kumebaki jino gumu kiasi gani? Tunatafuta kama milimita 2 kuzunguka jino lote, kofia ipate pa kushika. Ikikaa juu ya dawa tupu, siku moja utaitema pamoja na laki zako. Kwako wewe ukuta wa upande wa ulimi ndio wa kuangaliwa. Kama umekatikia juu ya fizi, jino lina maisha. Kama umezama chini kidogo, fizi na mfupa vinaweza kupunguzwa ili ukuta utokeze, ila hiyo ni gharama nyingine. Na kama kuna ufa umeshuka mpaka mizizi inapoachana, ng'oa wala usijutie. Anayetaka laki 6 bila kukujibu swali hilo, mshukuru uondoke.

Ukivimba chini ya taya, mdomo ukagoma kufunguka au kumeza kukawa tabu, usisubiri boti ya kesho. Watu hufa kwa jino. Tafuta usafiri usiku huo huo uje hospitali, Bugando au Sekou Toure.

Karabai:
Mimi pia ni mtu wa visiwani. Panga kwenye mbalamwezi. Wavuvi wamelala, taa hazina kazi, wewe uko mjini bure. Mimi mzizi nilisafishiwa hivyo hivyo, wakaniwekea dawa ya muda nikarudi kisiwani. Kosa la wengi ni kuishia hapo bila kofia. Shemeji yangu jino lilipasuka katikati kwa mfupa wa mbuzi, likang'olewa, na hela ya mzizi ikaenda nalo.

Mchuuzi wa Mwaloni:
Mrejesho wakuu. Nimepiga picha, dawa ya zamani ikatolewa. Daktari kanishikia kioo nikaona mwenyewe: kamstari keusi kanakata sakafu ya jino kutoka mbele kwenda nyuma. Kasema ufa umeshuka kati ya mizizi, haliokoki. Nang'oa Alhamisi. Ijumaa naweza kupanda boti?

Tabibu wa Kinywa:
Kama boti inaweza kungoja Jumatatu, ingoje. Ukitoka na pamba, iume kama nusu saa bila kuchungulia. Siku hiyo usisukutue wala kutema tema, na sigara weka kando, maana lile bonge la damu likitoka mfupa unabaki wazi na maumivu yake yanazidi haya uliyopitia. Yakianza, mara nyingi ni siku ya pili hadi ya nne, na Goziba huko nani atakusafishia? Maji ya chumvi ya uvuguvugu uanze kesho yake, taratibu.

Mchuuzi wa Mwaloni:
Ijumaa nimeifuta. Na pengo je?

Tabibu wa Kinywa:
Pengo tutaongea likishapona. Usikae nalo miaka kama Mama Kayenze.

Mama Kayenze:
Haya, nimekuwa mfano sasa 😂