Wakuu, hii AI ya kuhariri video kwenye kompyuta niipe ruhusa ya folda nzima?

Mhariri wa Usiku: Habari zenu wakuu. Nina mafaili kibao ya video kwenye mashine, mengi ya simu, nataka kuyakata mwanzo na mwisho, kupunguza ukubwa na kuweka sawa sauti maana mengine hayasikiki mpaka utege sikio. Nimeinstoo msaidizi wa AI, unamwandikia tu kawaida "toa dakika mbili za mwanzo" anafanya mwenyewe. Sasa ameniomba ruhusa ya kusoma na kuandika folda yote ya video, hapo ndo nimesita. Hawezi kunifutia vitu? Na video zinapandishwa huko kwao au zinabaki kwangu?

Fundi Amri: AI yenyewe haikati video mkuu, mara nyingi inaandika amri ya FFmpeg halafu inairun, na FFmpeg ni programu ya bure ipo tangu 2000, inafanya kazi humo humo kwenye mashine yako. Kwa hiyo kwa kazi zako hizo kinachoenda kwenye seva ni maneno yako, majina ya mafaili na majibu ya amri. Ila ukimwambia "tazama hii video uniambie kuna nini" hapo picha zinatoka, labda modeli, yaani AI yenyewe, iwe inaendeshwa kwako.

Mzee wa Bakapu: Folda nzima usitoe. Fungua folda mpya, weka kopi, mpe hiyo tu. Kilichofutwa kwa amri kwa kawaida hakipiti kwenye kapu la taka, kimeenda hicho. Na soma amri kabla ya kukubali, ukiona -y maana yake anaandika juu ya faili la zamani bila kuuliza, mwambie atumie -n, hiyo inakataa kuandika juu.

Dada Mhariri: Kwenye kukata atapenda kutumia -c copy, yaani kunakili video kama ilivyo bila kuibana upya, ni haraka na ubora haushuki hata kidogo lakini inaanzia kwenye fremu kamili (keyframe) iliyo karibu, sio pale ulipotaka, unaweza kukuta sekunde kadhaa zimebaki. Ukitaka ikatike pale pale lazima ienkodi upya, yaani ibanwe upya, na hapo CRF ndo namba ya kupanga ubora, 23 ndo ya kawaida kwa x264 (kibanio cha video), namba ikishuka ubora unapanda na faili linanenepa. Za simu ndo zinasumbua maana fremu kwa sekunde hazitulii, ukiziunga mdomo na sauti vinaachana, mwambie azinyooshe kwanza ziwe fremu 30 kwa sekunde zote.

Mhariri wa Usiku: Asante dada, na wewe mzee. Sauti je?

Fundi Amri: Mwambie atumie loudnorm, kichujio cha FFmpeg cha kusawazisha sauti, apime kwanza ndo arekebishe, na aongeze -ar 48000 (sampuli za sauti kwa sekunde), asipoweka inaweza kukutolea sauti ya 192000 bure tu. Jaribu na faili moja, sikiliza mpaka mwisho, ndo umwachie mengine. Usimwambie "ifanye iwe nzuri", atabuni mambo yake.