Meneja wa mradi, kontrakta au ami yangu: nani anisimamie mjengo wa Utange?

Mwanakombo_U · Jumamosi, saa 3:10 usiku
Asalaam aleikum wanajukwaa. Nataka kujenga, inshallah msingi uchimbwe mvua za masika zikishapita. Ramani ninayo na imeshapitishwa. Nimekwama kwa msimamizi, na watu ninao watatu. Wa kwanza ni meneja wa mradi, kijana msomi, anataka asilimia 6 ya gharama yote. Wa pili ni kontrakta, huyu asema atabeba kila kitu mpaka anikabidhi funguo. Wa tatu ni ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Amejenga nyumba zake mbili kwa mafundi wa kulipwa kwa siku, na hataki kitu ila nauli na chai.
Anayenitatiza ni huyo wa kwanza. Nilipomuuliza kazi yake hasa ni nini, alijibu "kuratibu". Hachori ramani, hajengi ukuta, hakorogi zege. Sasa asilimia 6 ni ya nini? Nisaidieni.

Shehe_Mjengo · saa 3:24 usiku
Waaleikum salaam. Dada, nusu ya habari hujaitoa. Ghorofa au nyumba ya chini? Pesa ziko kiasi gani? Kiwanja ni Utange ipi, karibu na barabara ya Malindi au kule ndani ambako lori likikuta tope halitoki? Hati iko kwa jina lako? Na wewe mwenyewe uko Mombasa au uko mbali? Ukinyamazia hayo, kila mtu atakujibu kwa nyumba yake yeye.

Baharia_Kuze · saa 3:31 usiku
Mpe ami yako. Damu haikuibii. Hawa mameneja ni wa reli na madaraja, nyumba ya mtu yahitaji fundi mzuri na jicho la mwenyewe. Wazee wetu walijenga Mji wa Kale mzima kwa mawe na chokaa, meneja hakuwako.

Rukia_Vipimo · saa 3:40 usiku
Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kabla ya kuuliza asilimia 6 ni ya nini, uliza ni asilimia 6 ya ngapi, na hiyo ngapi kaitoa nani. Nasubiri jibu la bajeti.

Mwanakombo_U · saa 4:02 usiku
Samahanini, nilidhani si muhimu. Ni ghorofa moja, chini vyumba vinne vya kupangisha, juu ni kwangu mimi na wanangu. Hati ni kwa jina langu. Bajeti milioni 9. Mkononi ninazo 5, zilizobaki nitakuwa natuma kila mwezi. Niko Muscat, huu mwaka wa tano.

Shehe_Mjengo · saa 4:05 usiku
Uko Muscat! Hilo ndilo lilikuwa la kuanzia. Mwenye nyumba aliye Bamburi anaweza kushuka saiti kila jioni akahesabu mifuko ya simenti. Wewe utahesabu picha za simu.

Ratiba_Kwanza · saa 4:47 usiku
Mama Mwanakombo, hii ndiyo kazi yangu kwa mwaka wa 11 sasa. Nilianza kwenye maghala ya Miritini, siku hizi ni nyumba za watu. Huyo kijana kukujibu "kuratibu" kakosea, neno hilo halimwambii mtu kitu. Nitakueleza ya juzi.

Nilifika saiti Shanzu saa moja na robo asubuhi. Slabu, ile sakafu ya zege ya juu, ilikuwa imwagwe siku ya pili yake: mbao zishapigwa, nondo zishafungwa, mashine ya zege ishalipiwa, vibarua kumi na wanane washaambiwa waje alfajiri. Nikapanda juu na ramani mkononi, nikatembea chumba kwa chumba. Bafu la watoto halina bomba la maji machafu. Fundi bomba alikuwa akimngoja fundi nondo amalize, fundi nondo akadhani bomba lapita ukutani. Foromani hakujua, kwa sababu ile ramani mpya ya bafu aliitumiwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakumpelekea mtu.

Nilipiga simu nne. Mwenye mashine nikamsogeza siku mbili, fundi bomba akaja adhuhuri, injinia akakagua nondo upya kabla hazijafunikwa, na mwenye nyumba nikamwandikia gharama iliyozidi ili aikubali yeye mwenyewe. Nikajaza kurasa mbili za daftari, nikapiga picha na futi ya kupimia ikiwa imelazwa juu ya nondo. Basi, hiyo ndiyo kazi ya siku nzima. Mpita njia angeniona nimesimama tu na simu sikioni. Lakini zege lingemwagwa kesho yake, bomba lingekumbukwa wiki ya tatu, na slabu mpya ingetobolewa kwa tindo.

Yaliyobaki ni ya aina hiyo hiyo. Kujua kitu gani kikichelewa nyumba nzima inasimama, na kipi kinaweza kungoja. Tailizi zako kama zinakuja kwa kontena, oda yake inatoka wakati kuta bado zinapanda, maana bandarini hujui utakaa siku ngapi. Kuhakikisha kontrakta halipwi hatua ambayo haijakaguliwa. Na kila unapobadili mawazo, kukuandikia ni shilingi ngapi na siku ngapi kabla hujasema ndiyo.

Likoni_Athumani · saa 5:30 usiku
Ratiba kaeleza vizuri, lakini na mimi nisikilizwe, kwa sababu nililipa mtu wa cheo hicho hicho nikaumia.

Nyumba yangu iko Mtongwe. Wakati ule nilikuwa melini, miezi tisa baharini, miwili nyumbani. Nikapata mtu aliyejiita meneja wa mradi, ana kofia, ana kadi, anazungumza vizuri. Kila Ijumaa alinitumia picha. Ukuta umefika dirishani, ukuta umefika lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango, alhamdulillahi. Nilimwamini kuliko ndugu zangu. Mchanga alikuwa akinunua yeye, simenti yeye, mafundi analipa yeye. Mimi natuma pesa tu.

Nikahamia. Mwaka haujesha, rangi ya ukuta wa sebuleni ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Ukigusa inamenyuka. Nyuma yake kuna unga mweupe, laini, unang'aa kidogo. Mke wangu akasema ni chokaa. Nikauchota kwa ukucha nikauweka ulimini. Chumvi. Nikachimba plasta kidogo, nikakuta vipande vya kombe, vidogo kama ukucha wa mtoto. Mchanga ulitoka ufuoni, malori matatu, na risiti zilizoandikwa mchanga wa mto ninazo mpaka leo. Nikaja kujua baadaye kwamba mwenye malori ni shemeji yake.

Nimebandua plasta ya sebule na vyumba viwili. Kuta za nje bado. Ninaloliogopa ni lenta, kwa sababu chumvi ikifika kwenye nondo chuma hufanya kutu, kutu hufura, na zege hupasuka kutoka ndani. Kila mvua ikinyesha naangalia juu ya mlango.

Kwa hivyo dada, meneja muweke, lakini asiwe yeye anayenunua. Anayenunua ni mmoja, anayekagua ni mwengine, anayelipa ni wewe.

Bi_Tudor · saa 5:41 usiku
Pole sana Athumani. Hilo la mchanga limenigusa, nyumba yetu ya Tudor ina unga huo huo.

Baharia_Kuze · saa 5:50 usiku
Chumvi haikuanza leo. Mji wa Kale uko baharini kabisa na nyumba zasimama miaka mia na zaidi.

Rukia_Vipimo · saa 6:02 usiku
Mzee wangu, zile nyumba ni mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti zake ni za miti. Hazina nondo. Chumvi huziharibu plasta, lakini haina chuma cha kula ndani ya ukuta. Za leo zimesimama kwa chuma. Ndiyo maana huku pwani injinia hudai nondo zizame ndani zaidi ya zege kuliko anavyodai bara, na maji ya kukorogea yasiwe ya kisima cha chumvi.

Na la wazee kutokuwa na msimamizi, sikubali. Ngome ya Fort Jesus Wareno walianza kuijenga 1593, kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Mtu alikuwako wa kusema mawe yaje lini na ukuta upi utangulie. Cheo ndicho hakikuwako.

Baharia_Kuze · saa 6:09 usiku
Hapo nakubali nusu. Lakini huyo msimamizi hakulipwa asilimia 6.

Kijana_Mikindani · Jumapili, saa 1:15 asubuhi
Samahani kuingilia. Mimi namaliza diploma ya ujenzi na nataka sana kazi hii ya Ratiba. Nisome cheti kipi cha usimamizi wa miradi, PMP au PRINCE2?

Ratiba_Kwanza · saa 2:00 asubuhi
Kijana, PMP ni ya PMI, chama cha Marekani kilichoanzishwa 1969. PRINCE2 imetoka Uingereza, 1996. PMP haitolewi kwa kusoma tu: mwenye digrii huulizwa miezi 36 ya kuongoza miradi, wa diploma 60, pamoja na saa 35 za mafunzo. Wewe anza saiti. Mwombe foromani akuachie daftari la kila siku: nani kaja, kimeingia nini, kimemwagwa nini, mvua ilinyesha saa ngapi. Ukiliandika mwaka mmoja bila kuruka siku, utajua zaidi ya wengi wenye cheti.

Nyali_Kompyuta · saa 2:20 asubuhi
Sisi wa programu za simu meneja wetu hana mchanga wala nondo, na kazi ni ile ile. Kila mtu anangoja mtu mwengine na hakuna aliyemwambia. Yeye ndiye anayekwenda kumwambia. Tulikaa miezi minne bila meneja, na nilifanya kazi ya wiki mbili ambayo mwenzangu alikuwa ameshaimaliza.

Shehe_Mjengo · saa 2:35 asubuhi
Turudi Utange jamani. Dada, yule kontrakta wa mpaka funguo, mwangalie kama amesajiliwa na NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, na ni daraja gani. Na asikuahidi bei moja wakati pesa zako zinakuja kwa mwezi. Mwezi mmoja ukichelewa, vibarua wake watahamia saiti nyengine na itakuwa shida kuwarudisha.

Mwanakombo_U · saa 4:50 asubuhi
Nimesoma yote, Mungu awalipe. Athumani, nimelia kwa hilo la chumvi.
Nimempigia yule kijana, nikamuuliza kitu gani kikichelewa nyumba yangu itasimama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pesa zako za mwezi." Akaniuliza tarehe ninayopokea mshahara, na kama nina mtu Mombasa wa kutia sahihi kwa niaba yangu. Akasema slabu isianzwe mpaka pesa zake zote ziko benki, kwa sababu kazi nyengine unaweza kusitisha katikati, slabu huwezi. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, si kontrakta wala ami.
Lakini ami amesikia kwamba natafuta mtu wa nje. Ameniambia, "Mwanangu, mimi nimekukosea nini?" Sijui nimjibu vipi.

Bi_Tudor · saa 5:05 asubuhi
Ami usimweke kando. Mpe kazi ya mwenye nyumba: yeye ndiye ashike sahihi yako, aende kila wiki kwenye mkutano wa saiti, auone mchanga kabla haujamwagwa. Mwambie, "Wewe ni jicho langu." Mtu mzima akiheshimiwa hawi na kinyongo.

Baharia_Kuze · saa 5:12 asubuhi
Bi Tudor amesema. Na ami auonje mchanga.

Likoni_Athumani · saa 5:14 asubuhi
Auonje kila lori, si lori la kwanza tu.

Rukia_Vipimo · saa 5:30 asubuhi
Mwanakombo, tangu jana nauliza na hujanijibu. Hiyo milioni 9 aliikadiria nani? Ile orodha ya vipimo na bei, BQ, unayo?

Mwanakombo_U · saa 5:48 asubuhi
BQ sina. Milioni 9 ni hesabu ya ami, kwa kuangalia nyumba yake ya pili. Aliimaliza 2014.

Rukia_Vipimo · saa 5:51 asubuhi
Basi usimjibu kontrakta, wala usisaini asilimia 6 za mtu. Nitumie ramani kwa ujumbe wa ndani, leo hii.