Naomba ushauri: Tiger I ya kipimo cha 1/35, magurudumu na minyororo

Sefu_Modeli:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nimepata modeli ya plastiki ya kifaru cha Kijerumani Tiger I, toleo lenye magurudumu ya chuma, ambayo bodi yake ina urefu wa sentimita 18 hivi. Nakusudia kuipaka rangi za Tunisia, kwa mfano wa Tiger 131, ambacho Waingereza walikiteka Aprili 1943 na ambacho kimehifadhiwa hadi leo Bovington, Uingereza. Je, magurudumu yapakwe rangi kabla ya kufungwa au baadaye? Na minyororo, yenye vipande 96 kila upande, ifungwe lini?

Fundi_Msasa:
Mkuu, tuanze na historia, kwa sababu ndiyo itakayoamua rangi. Magurudumu ya chuma yalianza kufungwa kwenye Tiger mwanzoni mwa 1944, ilhali vita vya Tunisia vilimalizika Mei 1943. Hata ukitafuta magurudumu ya mpira, kuba la kamanda juu ya mnara litakuumbua: la awali lilikuwa refu, lenye matundu membamba ya kuchungulia, na la baadaye ni fupi, lenye periskopu. Ningekuwa wewe ningehamia Normandy, Ufaransa, 1944: manjano iliyokolea, kisha mabaka ya kijani na kahawia nyekundu.

Magurudumu yanapishana, kwa hiyo ukiyafunga kwanza, brashi haitafika safu ya ndani. Yachomeke kwenye vijiti vya meno na uyapake moja moja, lakini vitundu vya katikati viache bila rangi, kwani gundi ya plastiki hushika kwa kuyeyusha plastiki yenyewe na haishiki juu ya rangi. Ukingo unaogusa mnyororo usugue kwa penseli laini. Utang'aa kama chuma kilicholika.

Bibi_Puti:
Nakubaliana na hayo, ila usisahau Zimmerit, ule ukoko wa mistari uliopakwa viwandani tangu nusu ya pili ya 1943 hadi Septemba 1944 ili mabomu ya sumaku yasinase. Kwa Normandy ni lazima uwepo, hasa kwenye nyuso za wima. Puti ya mafundi wa magari siipendekezi, ni nzito mno. Tumia ile ya kuchanganya sehemu mbili, itandaze kwa kijiti kilicholowa maji, kisha uichore mistari kabla haijakauka. Kumbuka kwamba milimita moja ya modeli ni milimita 35 za kifaru halisi, hivyo tabaka liwe jembamba kadiri mkono wako unavyoweza. Fanya hivyo kabla ya kubandika nyaya za kuvutia na vifaa vidogo.

Sefu_Modeli:
Nawashukuru nyote, basi iwe Normandy. Bado minyororo.

Fundi_Msasa:
Tiger haina magurudumu madogo ya kubeba mnyororo juu, kwa hiyo sehemu ya juu hulala moja kwa moja juu ya magurudumu makubwa. Unganisha vipande kwa gundi inayokauka polepole na, vikiwa bado vinapinda, vizungushe mahali pake, ukivikandamiza kwa sponji. Usigundishe mnyororo kwenye magurudumu. Vikikauka, vua upande mzima, upake rangi nje, kisha uurudishe bodi ikiwa tayari.

Bibi_Puti:
Na kwa kopo la kupuliza, subiri siku kavu. Unyevu wa pwani huacha utando mweupe juu ya vanishi.