Mrejesho: gari lililokuwa likiyumba kwenye mikondo ya lami

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini gari langu linanyang'anya usukani kwenye lami iliyobonyezwa mikondo na malori, ilhali kwenye lami tambarare linanyooka vizuri.

Aliyesema nisikimbilie alaimenti (kupima na kurekebisha mwelekeo wa matairi) kabla ya kukagua miguu, yaani vyuma na viungo vinavyoshika matairi, alikuwa sahihi. Fundi alilinyanyua, akashika tairi la mbele na kulitikisa kulia na kushoto: tairodi endi (kiungo cha mwisho cha chuma kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi) imekwisha, inacheza. Bushi za wishiboni, yaani mipira ya mkono wa chuma unaoshikilia tairi, nazo zimepasuka. Kwa hiyo tairi likigusa ukingo wa mkondo, lilikuwa linageuka lenyewe kidogo bila usukani kuguswa. Alaimenti juu ya vyuma vilivyolegea ni kutupa hela tu. Tumebadilisha, ndipo ikapimwa. Matairi ya mbele yalikuwa yanatazama nje.

Sasa limetulia, ila si kabisa. Matairi yangu ni mapana yenye ubavu mfupi, na hayo hupenda kufuata mikondo hata gari likiwa zima. Upepo wa matairi nimeurudisha kwenye kipimo kilichoandikwa mlangoni. Kuvutwa kidogo upande wa mtaro kumebaki, lakini huo ni mteremko wa barabara wa kumwaga maji. Mahali palipo tambarare hakuna.